Mama, Ndimu Zako Nimeziacha Mtini

Mama,

Mvua zimeanza, na mndimu wako nyuma ya jiko umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Wanawake bado wanapita kuomba ndimu za kuwafundia mabinti zao wanaoolewa. Za kukamulia samaki nawapa. Za kujioshea nawanyima, na najua ungenifokea.

Tangu tukuzike, wakwe wa Feza wamekuja kutoka Moba mara mbili. Wanasema mdogo wangu ni mgumba. Arudi kwetu, mumewe Kalunga aoe mwingine. Jumapili wanakuja kuchukua jibu. Feza aliacha hata kulia. Alikuwa akichekecha unga kutwa, hata ule uliokwisha kuchekechwa. Iliniuma, Mama.

Basi nikampeleka laboratwari, pale ninapopimia watu malaria. Alikuja asubuhi baada ya kulala na mumewe, daktari akachukua ute wake wa ukeni, akauweka chini ya darubini. Nilichungulia. Mbegu za Kalunga zilikuwepo tele, zote zimekufa. Daktari akamuuliza anajioshea nini, na Feza akaniangalia mimi. Ndimu, kila jioni, kama ulivyotufundisha. Nilikuona tena umetuketisha mkekani, unakamua: "Mwanamuke wa maji-maji, bwana yake atamuchoka!" Tukicheka, unatufinya mapaja.

Daktari hakukulaumu. Alimwambia Feza, "Mama, ile maji njo barabara. Mukiichoma na ndimu, mbegu itapita wapi?" Akatueleza kwamba mbegu imevaa protini juu yake, kama nguo ya safari. Maji ya ndani ya mwanamke huibadilisha nguo hiyo kidogo kidogo njiani, na bila hivyo yai halimfungulii mgeni mlango. Hata nyani wako hivyo, alisema. Nikawaza ungemjibu nini, wewe, kufananishwa na nyani! Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, maana nilitaka kukimbia nyumbani nikusimulie.

Feza aliacha ndimu. Mwezi uliofuata tukapima tena, siku ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima kwa wote, na Kalunga akaja moja kwa moja kutoka kufyeka barabara, matope miguuni. Safari hii mbegu zilikuwa hai, zinakimbizana. Alichungulia muda mrefu mpaka nikamwambia darubini si sinema. Akainua kichwa, akaniahidi mimi dada yake kuhusu baba zake: "Yaya, ba papa nitabaambia mimi mwenyewe."

Mimba haijaingia, sitakudanganya. Huenda ikachelewa. Lakini mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi, na hakuna wa kumwita mtoto wako mgumba mbele yangu.

Wakwe wakiuliza Feza alizitoa wapi ndimu, sitakuficha. Nitasema ni mama yetu, naye alifundishwa na mama yake. Wapo watakaosema namvua nguo marehemu. Waseme. Wewe ulitupatia ndimu ili tusiachwe na waume zetu, na mimi nazikataza kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo Jumapili nitajifunga kitenge chako cha bluu, nitakaa kwenye kiti chako, na Kalunga atakaa upande wetu. Nakuahidi, Mama: watakula, watakunywa, na watarudi Moba bila jibu wanalolitaka. Feza atawasindikiza mpaka bandarini, kisha atarudi nyumbani kwake.

Lala salama, Mama. Kazi yako ya kufunda mabinti nimeichukua.

Binti yako mkubwa,
hapa mjini Kalemie