Gitaa la Tatu

Binti yangu Cibalonza,

Nakusalimu kutoka Majengo. Mvua imeanza, na maharagwe uliyopanda yameota.

Tangu Jumatatu sijatulia. Kwa fundi Bashige nimejaribu magitaa matatu yenye uwazi tumboni, nikitafuta ile sauti laini ya jazi uliyokulia. Yote yalilia kama yamefunikwa blanketi. Nilibadilisha nyuzi, nikahama kiti, nikamlaumu fundi.

Alinisogelea, akapaza sauti: "Muzee, gitare ziko muzuri! Tangu ile mabomu ya janvier, mwezi ya kwanza, masikio yako ndiyo imekufa."

Nilimsahihisha papo hapo: "Masikio yamekufa."

Nilipoyatamka maneno hayo kwa usahihi, nikayaamini.

Tafadhali, usinipigie simu tena. Niandikie.

Baba yako,
Buhendwa