Kisu Kilichosuguliwa kwa Ndimu

Jumatatu, 15 Machi 1999

Chumvi imezidi tena. Nimemwambia. Mwanaisha hajibu siku hizi, anachukua sahani tu na kuondoka. Mke wa kununa namna hii unamfanyaje.

Kuta zinatoa jasho. Kila Machi Guangzhou ndivyo ilivyo, hata shati linaota ukungu kabatini. Asubuhi Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Marobota yamepata unyevu. Nimegombana na kila mtu.

Alasiri Liwan, dukani kwa Lao Fan, muuza shaba za kale. Huko ndiko ninakopumua. Leo kanifundisha kusikiliza. Kisu cha kweli ukikigonga kwa ukucha kinatoa sauti ya mzee aliyechoka. Kilichotengenezwa juzi kinalia kama kengele ya baiskeli. Kilichovunjika kikaungwa kinakohoa.

Alhamisi, 18 Machi

Mwanaisha kauliza hivi visu vyangu vinakata nini. Havikati. Vilikuwa pesa. Zaidi ya miaka elfu mbili nyuma Wachina walinunua nafaka kwa vipande vya shaba vya umbo la kisu, na pete mwishoni mwa mpini. Akasema, "Na wewe Baba Suleimani unanunua pesa kwa pesa." Kejeli au ujinga, sijui. Nimemwambia arudi jikoni.

Somo la leo ni kutu. Ya kweli imeota kutoka ndani ya shaba. Ngumu, unaisugua mpaka unachoka. Ya bandia imepakwa juu, rangi na gundi. Ukiipumulia inanuka dawa. Ukiiosha kwa maji ya moto na magadi inakimbia.

Lao Fan kanipa kisu kidogo cha kujifunzia. Cha kweli, lakini ncha haipo, hakina bei. Nalala nacho chini ya mto. Mwanaisha kageukia ukutani.

Jumamosi, 20 Machi

Nimekiona. Lao Fan kanipigia simu mwenyewe. Kakitoa ndani ya kitambaa cha hariri, kikubwa, kizito, maandishi sita upande mmoja. Vya maandishi matatu wanavyo wengi. Vya sita watu wanavisikia tu. Kijani chake kina wekundu kwa chini. Nilikipakata kama mtoto mchanga, naona aibu kuandika.

Nimekigonga. Kimechoka. Kilikuwa na mkwaruzo kidogo kooni, lakini ni uzee huo.

Nilitaka kukitia kwenye magadi. Kakataa. Bu xing, haiwezekani, vitu vya heshima haviogeshwi. Najua mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Lakini kizuri chajiuza, na hiki kilikuwa kinajiuza chenyewe mezani.

Kuna mnunuzi wa Hongkong anakisaka kisu kama hiki kwa miaka. Nimempigia. Atakuja nyumbani kwangu Jumamosi. Nikimuuzia, naagana na marobota maisha. Lao Fan ananiachia kisu mpaka siku hiyo. Anataka dhamana ya dhahabu.

Jumatatu, 22 Machi

Bangili za Mwanaisha. Hazikutaka kutoka, ilibidi sabuni. Alisema, "Hii mahari yangu." Nikamjibu najua, ni mimi niliyeitoa. Alizivua mwenyewe, moja moja, akaziweka juu ya kitambaa cha meza. Mikono yake bila bangili ni myembamba. Sikuwahi kuona.

Kisu kipo nyumbani. Nimekiweka kwenye rafu, kati ya dele la kahawa na sinia la shaba, kionekane mgeni akiingia tu. Nimemwambia Mwanaisha Idi inakuja, mtu wa Hongkong anakuja, nisione kutu hata chembe ndani ya nyumba hii. Kasema haya.

Jumatano, 24 Machi

Kakisugua.

Nimerudi kutoka Zhongda nyumba nzima inanukia ndimu. Dele linang'aa, sinia linang'aa, na katikati yao kisu kinang'aa kama kitasa kipya cha mlango. Ndimu na majivu ya chetezo. Ndivyo mama yake alivyomfundisha Makunduchi, shaba zote kabla ya Idi. Alikuwa amesimama kando ya rafu anatabasamu. Mwaka huu sikuwa nimemwona akitabasamu.

Sikumpiga. Mkono ulinyanyuka, sikumpiga. Nilisema. Nilimwambia kwao walimlea na mbuzi. Nilimwambia nimemwacha mara mbili na kumrejea mara mbili, na kitu kilichoungwa mara mbili sokoni hakina bei. Nilitaka imuume na niliona imemuuma.

Alikuwa bado ameshika kipande cha ndimu. Akasema, "Baba Suleimani, ulisema usione kutu."

"Nimekuacha," nikasema. "Na hii ndiyo ya tatu."

Bi Rukia wa mlango wa pili alikuwa koridoni, kasikia kila neno. Kaingia, kamshika mkono, kamchukua kwake. Hakubeba hata kanga ya kubadili.

Nilisema nisione kutu, ndiyo. Mtu mwenye akili angeuliza. Miaka elfu mbili imekwenda na maji ya beseni. Sijuti.

Alhamisi, 25 Machi

Sheikh wetu kaja, yule mwanafunzi wa Pemba, umri wa mwanangu. Bi Rukia kamtuma. Kauliza nilitamka nini. Kauliza na zile mbili za mwanzo. Moja Unguja, moja hapa hapa mwaka jana. Basi, kasema, si mkeo tena, mpaka aolewe na mwingine na huyo amwache. Nikamwambia sheria naijua.

Alipokuwa anavaa viatu kasema maji yakimwagika hayazoleki. Nimefunga mlango.

Bi Rukia kamtafutia Mwanaisha ndege ya Jumatatu. Na aende.

Ijumaa, 26 Machi

Nilikwenda kumwaga beseni alilokioshea. Maji yake kijani kizito, rangi tupu. Nimetia kidole, kinanata. Nimenusa. Dawa.

Nimekaa chini pale pale jikoni.

Halafu nimechukua kile kisu kidogo cha kujifunzia. Ndimu yake, majivu yake, kitambaa chake. Nimesugua mpaka bega linauma. Kijani kipo, kimepauka kidogo tu.

Kile kikubwa nimekipeleka dirishani. Mpini unapokutana na bapa la kisu pana mstari mweupe wa risasi ya kuungia. Kimeungwa, na si kisu kimoja, ni vipande vya viwili, vipya vyote. Mkwaruzo ule ulikuwa kikohozi. Somo hilo nilipewa tangu Jumatatu ya kwanza. Nimeliandika mwenyewe humu.

Angesugua asingesugua, kilikuwa takataka. Ila asingesugua, kesho ningemwuzia mtu wa Hongkong takataka hiyo, naye angegundua na kudai pesa zake, na bangili zingeuzwa kumlipa.

Nimempigia Hongkong asije.

Jumamosi, 27 Machi

Nimeweka kisu mezani kwa Lao Fan, mstari mweupe juu. Hakubisha hata kidogo. Kachemsha chai, kaenda ndani, karudi na bangili kwenye bahasha. Alikuwa anacheka kwa furaha kama tumecheza karata.

"Nani kakuoshea?" kauliza.

Nikasema mke wangu. Ulimi umezoea.

"Mlete," kasema. "Wewe huna macho. Yeye anayo."

Sikumaliza chai.

Jumapili, 28 Machi

Idi. Nimeswali, nimepeana mikono na watu. Kila mtu anajua.

Nimebisha kwa Bi Rukia. Mwanaisha hakutoka, na si haki yangu atoke. Nimemwona mkono tu, nyuma ya pazia, ukikunja nguo sandukuni. Nimetoa bahasha. Nilikuwa nimepanga maneno. Bi Rukia kaipokea na kuniambia ningoje.

Karudi na sahani ya pilau imefunikwa. Kasema Mwanaisha ndiye aliyepika, na majirani wote wamepelekewa.

Nimekula nyumbani. Shaba zote zinang'aa bado. Chumvi imekaa sawa. Sina wa kumwambia.