Kamba Mbele ya Kinyozi

Jumatano, 7 Mei

Mkutano wa mtaa umekwisha na mimi nimenuna. Tumekubaliana—yaani wamekubaliana, mimi nilinyamaza—maduka yote yaondoe pipi na soda kwenye kaunta. Tena Jumamosi asubuhi barabara yetu ifungwe, magari yazunguke kwingine, watoto wacheze. Nesi wa zahanati kasema watoto wa hapa wananenepa kupita kiasi, na si kosa la mtoto mmoja wala mzazi mmoja. Mtaa mzima tule vizuri, mtaa mzima tutoke nje. Mwenyekiti kasema tujaribu Jumamosi mbili. Watoto wasipocheza, magari yanarudi.

Na kopo langu la pipi je? Kila mtoto nikimnyoa humpa moja. Kinyozi bila pipi ni mtu mwenye wembe tu!

Lakini nilipopanda nyumbani, juu ya saluni, nikamkuta Kitinda dirishani, anatazama wenzake. Tangu waanze kumwita "Tangi" shuleni, binti yangu hashuki kucheza. Hilo linaniuma kuliko kopo.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu! Mapipa yamefunga barabara, jua zuri, kamba ndefu. Mke wangu na fundi viatu wakashika ncha, eti wawaonyeshe watoto. Kuwaonyesha! Mwenye duka la dawa akaingia, nami nikaingia, mashindano yakaanza, na watu wazima hatukuiachia kamba mpaka adhuhuri. Watoto walikaa ukingoni wanatutazama, wanakula biskuti. Mwenyekiti akapita, akatikisa kichwa. Imebaki Jumamosi moja.

Mimi nilianguka chali mbele ya umati. Juu dirishani nikasikia kicheko. Kitinda! Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Jumapili, 11 Mei

Kitinda kaniambia sijui kuruka. Eti natazama miguu badala ya kusikiliza kamba. Nifundishe basi, mwalimu! Akafunga mapazia kwanza, asionekane. Tukafunga kamba kwenye kitasa, mama yake akazungusha. Mtoto mwepesi jamani! Mimi nahema kama mvukuto. Nikaomba kupumzika, akasema Baba acha uvivu.

Alhamisi, 15 Mei

Mke wangu kapunguza sukari kwenye chai ya nyumba nzima. Nimeshaizoea, ila simwambii—nitapunguziwa tena.

Leo nimemuuliza Kitinda, Jumamosi utashuka? Akasema: watanicheka. Nilitaka kusema hawatacheka, lakini ningekuwa mwongo. Nikamwambia mimi walinicheka mtaa mzima, na bado wananiletea vichwa vyao.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimesimama, mashine inanguruma mezani. Mwenyekiti alikuwa kitini, nusu ya kichwa tayari, ananieleza kwamba barabara ataifungua tu. Watu wazima tumekatazwa kugusa kamba, lakini watoto nao wameganda ukingoni, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Kitinda! Viatu vya shule, uso umekunjamana. Mtoto mmoja akasema lile neno, Tangi. Nikaona mabega ya mwanangu yakishuka. Nikashika kitasa nitoke—Mungu wangu, sijui nilijizuiaje.

Akamfuata yuleyule, akamkabidhi ncha ya kamba, nyingine akaifunga kwenye kitasa cha mlango wa ngazi. Zungusha, kamwambia, na usilegeze mkono. Akaingia kati.

Akaruka, akaruka, na hakuna aliyecheka! Wakaanza kumpigia makofi, wa pili akaingia, wa tatu, sasa foleni imefika kwa fundi viatu. Machozi yananitoka, sijali nani ananiona.

Ananiita huyo. Baba, umeganda nini, njoo! Nageuka kumwomba mwenyekiti ruhusa—kiti kitupu. Yuko nje, taulo shingoni, upara upande mmoja, kajipanga nyuma ya watoto. Lori la soda limefika kwenye mapipa, linapiga honi, dereva anataka barabara. Kila mtu anamtazama mwenyekiti. Naye kamwinulia dereva mkono: asubiri, zamu yake yeye mwenyekiti ya kuruka bado haijafika—