Doa kwenye Picha ya Harusi

Kaka mpendwa,

Sisi wazima, tunacheka tu. Umeuliza kama nataka kamera ya kisasa. Hii uliyoniachia imeingia vumbi nyuma ya lenzi, na kila picha inatoka na doa jeusi. Fundi anasema inasafishika.

Mama alinikataza kukuambia, lakini macho yalikuwa yamemfifia kabisa, akafanyiwa upasuaji. Jana alipofunguliwa bandeji nikampa picha ya harusi ya binamu yetu.

"We mtoto, mbona bibi harusi ana inzi kwenye paji la uso?"

Kaka, sijawahi kukosolewa kazi nikafurahi hivyo! Nilimkumbatia mpaka akalalamika namvunja mbavu.

Kamera nitaisafisha. Hela ya mpya katia tiketi, uje Mama akuone.

Mdogo wako wa mwisho