Bomba Lililokazwa, na Goti la Mke Wangu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijasema neno nitakalolijutia, maana tangu Jumamosi nimenuna na mke wangu hajui kwa nini.

Mimi ni seremala, mwaka wa thelathini na mmoja sasa, na mke wangu ni mshonaji, na tangu watoto wahame tulikuwa tukikaa jioni tunatazamana tu, mpaka yeye akasoma mahali kwamba mtu anaweza kujitengenezea darubini ya kutazamia mwezi, tukaanza, yeye akachukua kazi ya kioo, akakisugua kwa mkono juu ya kioo kingine, kwa unga wa kusagia na maji, miezi saba, goti lake bovu kalinyoosha juu ya mto, na mimi nikatengeneza bomba na stendi ya kuligeuzia, nikalikaza bomba kwenye stendi kwa gundi na skrubu kumi na mbili, kwa sababu kwa seremala, Shangazi, kiungo kinachocheza ni aibu.

Sasa tundu la kuchungulia liko ubavuni mwa bomba, karibu na mdomo wa juu, na kila ukigeuza stendi tundu nalo linahama, mara linatazama juu, mara linajificha upande wa pili, mimi ni mrefu nainama kidogo naona, yeye ni mfupi inabidi apande kigoda, na lile goti. Aliniambia mara moja tu, "Hivi Mrefu, bomba haliwezi kuzunguka humo humo lilipo, tundu likanifuata mimi?" nikamjibu kwamba kazi yangu haijawahi kurudishwa karakana, na kuanzia hapo kila jioni anapanda kigoda, anashika ukuta, anachungulia, anasema, "Ah, pazuri," anashuka.

Jumamosi magharibi ilipoingia, mwezi umeshatoka, nililenga kwa kukadiria tu, nikamwambia leo tangulia wewe, akapanda, akachungulia, akasema, "Leo mashimo yake nayaona vizuri kabisa, mume wangu," nami nainua macho naona mfuniko wa sufuria, ule tunaozibia mdomo wa bomba vumbi lisiingie, bado upo, sijautoa! Shangazi, hakuona kitu. Sijui ni tangu lini haoni kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na huyu nimemwamini miaka yote, je, nimwambie kwamba nimemkamata au ninyamaze? Naumia sana.

Seremala Mrefu

*

Fundi,

Pole, ingawa pole yako ni ndogo. Kubwa nimemwekea mwenye goti.

Umemkamata, eh? Umemkamata nani? Mwanamke aliyesugua kioo miezi saba na mpaka leo hajaona kinachoonekana humo, akasema uongo ili usinune, na bado umenuna. Ukweli alikwambia mara moja, ukamjibu mambo ya karakana. Baada ya hapo akawa anakupa jibu unalolipenda. Uongo huo mmeutengeneza wawili kama mlivyotengeneza darubini, na sehemu yako ndiyo yenye skrubu kumi na mbili.

Ati kiungo kinachocheza ni aibu. Na milango yako yote inafungukaje, kama si kwa bawaba? Hujawahi kumpigilia mteja mlango misumari ukamwambia apitie dirishani.

Mimi vyombo hivi sivijui, nikamwuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye darubini kama yenu. Alicheka, akasema hata yeye alianza kwa kosa hilo hilo. Basi fungua skrubu. Gundi ikigoma, msumeno unao. Kata pete mbili za mbao, uzifunge kwenye stendi, ndani yake ubandike kitambaa kizito (vipande mwombe mkeo), bomba lipite humo na lizunguke kwa mkono mmoja. Litataka kuteleza kwenda chini. Kwa hiyo tengeneza pete ya tatu, uibane kwenye bomba lenyewe, ikalie ile pete ya juu. Hapo bomba litazunguka na halitashuka. Hiyo ya tatu ikaze utakavyo mpaka roho yako itulie.

Ila kabla hujakata chochote, mketishe kwenye kiti chake cha cherehani, upime kutoka sakafuni hadi penye jicho lake. Kazi hii inafuata kipimo hicho. Stendi ikizidi, ipunguze miguu. Kigoda kirudishe jikoni.

Habari ya mfuniko usimtajie. Mwambie tu kwamba siku ile alipouliza, ulimjibu vibaya. Kazi ikiisha, toa mfuniko kwa mkono wako mwenyewe, mzungushie tundu mpaka alipokaa, kisha usimwulize kitu. Ile "pazuri" ya haraka haraka hutaisikia. Akichungulia muda mrefu usiogope, safari hii anaona. Na zamu yako ikifika, Fundi, piga magoti. Yako ni mazima.