Kisoda cha Chumvi ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri Evelina,

Shikamoo. Mwanangu Mayala, wa miaka miwili, sasa hivi amenichekesha hadi nimesahau kwamba nilikuwa nalia. Amechukua kile kisoda, kifuniko cha chupa ya soda, ninachopimia chumvi ya bibi yake, akachota mchanga mlangoni, akapangusa juu kwa kiganja usimwagike njiani, akampelekea, "Bibi, chumvi yako," na bibi akajifanya anaramba. Naomba msaada kwa habari ya kisoda hicho hicho.

Bibi huyu ni mama wa mume wangu, alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kutibiwa presha, na kliniki walisema chumvi yake isizidi gramu tano kwa siku, mimi shule niliishia darasa la sita na mizani sina, jirani yangu Modesta akasema kisoda kimoja ndiyo gramu tano, nikahakikisha kwa kukimimina kwenye kikombe kidogo cha dawa ya maji ya Mayala chenye mstari wa tano, ikapita kidogo tu, nikasema si neno. Basi kila asubuhi napima kisoda chake cha siku nzima, na kwa kuwa ni mama nakijaza mpaka kinaweka kilima, maana hata sokoni muuza dagaa asiyetoa nyongeza tunamwita mchoyo, sasa mimi nimpimie mama kama namdai?

Juzi kliniki presha imepanda na miguu imevimba, nesi akanigombeza, "Wewe dada, unamlisha chumvi," mama akanitetea, "Mwache mwanangu, huyu ananipimia." Lakini tulipofika nyumbani akaanza kukunja vitenge vyake, anasema kama hata kupimiwa hakusaidii basi siku zake zimekaribia, heri arudi kwake Sengerema. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, huyu ndiye aliyenifundisha kumwogesha Mayala, sitaki aondoke. Niambie kisoda changu kina gramu ngapi kweli, na kama kosa ni langu nitamwambiaje, maana alishanitetea mbele ya watu na mimi naogopa akijua ata... ananiita, mshauri, ngoja nimpelekee maji ya kunywea dawa.

Mama Mayala, Nyakato

*

Marahaba, mwanangu. Natumaini maji yalimfikia.

Kosa ni lako, na linarekebishika leo leo. Ile tano ya kikombe cha dawa ni ya ujazo, nafasi tu. Gramu ni uzito. Nafasi hiyo ukiijaza unga inakuwa nyepesi. Ukiijaza chumvi laini inakaribia gramu sita. Halafu wewe unaweka na kilima. Nani alikwambia chumvi ya mgonjwa ina nyongeza? Nyongeza mpe ya ndimu na kitunguu.

Kisoda chako siwezi kukipima nikiwa huku, ila wewe unaweza bila mizani. Nunua pakiti ya chumvi ya robo kilo, uzito umeandikwa pale pale. Chota kwa kisoda, pangusa juu, hesabu mpaka iishe. Vikifika hamsini, kila kimoja ni gramu tano. Vikipungua, kisoda chako ni kizito, usikijaze mpaka juu. Ukibadilisha chumvi, ya mawe kwa laini, hesabu upya. Pakiti hiyo iwe ya mama peke yake, na isiishe kabla ya siku hamsini. Samaki wa chumvi na viungo vya pakiti navyo ni chumvi, viache kwanza.

Miguu iliyovimba usiiwekee subira. Mrudishe kliniki wiki hii, dawa asiache, na nesi umweleze kilima chako bila kujificha.

Na mama mwambie kabla hajamaliza kukunja vitenge. Aliyekutetea kwa nesi hatakukana kwa chumvi. Anadhani siku zake zimekaribia, kumbe huenda ni mkono wa mkwewe uliozidi kumpenda. Hiyo ni habari njema, kwa nini umnyime?

Kisha mwangalie Mayala anavyopima. Kisoda chake kilifika bila kilima, na bibi hakumwita mchoyo.