Paka Mmoja, Maghala Mawili

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya ofisi nzima, na mimi nimekaa jikoni kwangu!

Unamkumbuka yule mtunza stoo wa kampuni tunayoikagua, anayeniita dada? Tangu tuanze kufanya ukaguzi kutoka nyumbani, siendi tena kwenye maghala yao. Yeye hutembea na simu, mimi nahesabu katoni kwenye skrini, kisha natia saini.

Leo bosi kafungua video zangu kwenye mkutano wa mtandaoni. Ghala la kwanza, paka mwenye sikio lililokatika kalala juu ya katoni. Ghala la pili, mji mwingine kabisa, paka yule yule, katoni ile ile!

Bosi akaniuliza, "Mama, huyu paka alipanda basi gani?" Wakaangua kicheko. Paka, mwenzangu! Paka!

Nikampigia huyo kaka wa stoo. Mtu aliyekuwa akiniuliza kila mara kama jino la mwanangu lililong'oka limeota tena! Nikamwambia, "Ghala la pili lina nini?"

Akasema, "Dada, halina kitu. Lakini ungekuja mwenyewe hata siku moja, ungeona."

Ungekuja mwenyewe! Kanidanganya, halafu ananisuta. Na kinachoniuma zaidi, ni kweli sikwenda.

Bosi kanipa hadi kesho jioni nirekebishe ripoti, la sivyo kazi sina. Nichukulie mtoto shuleni kesho saa tisa. Naondoka na basi la kwanza, nikaione hiyo sakafu tupu kwa macho yangu, ndipo nitie saini.